Waraka wa UFO: uliza kwanza umetoka kabati gani

Ukitumiwa picha ya waraka kuhusu UFO, yaani vitu visivyotambuliwa vinavyoonekana angani, uliogongwa muhuri wa “SIRI KUU”, usikimbilie kusoma kilichoandikwa. Una maswali mawili ya kujibu, na kila moja lina njia yake: je, karatasi ni halali? Je, inachosema ni kweli? Wengi hujibu la kwanza wakadhani wamemaliza.

Tafuta namba ya kumbukumbu. Majalada ya Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga la Marekani wa kuchunguza UFO wa 1952 hadi 1969, yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo, na mengi ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza yana namba zinazoanza na DEFE. Chukua namba hiyo, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya hifadhi, ulifungue jalada zima, maana ukurasa mmoja uliochomolewa hudanganya kirahisi. Pasipo namba, uweke waraka kando mpaka ipatikane.

Nyaraka za “Majestic 12”, zinazodai kuwa Rais Truman wa Marekani aliunda kamati ya siri ya mambo ya UFO, ni shule nzuri. Zilifika mwaka 1984 kwa posta, zikiwa mkanda wa filamu ambao haujasafishwa, na mtumaji hajulikani. Kwa hiyo hakuna karatasi wala wino wa kupima, na hilo peke yake linatosha kukutia shaka. Sahihi ya Rais Truman iliyomo inalingana na ile ya barua yake halisi ya tarehe 1 Oktoba 1947. Mkono wa mtu hauandiki sahihi mbili zinazofanana kabisa. Kulipima hili, zipandishe picha mbili moja juu ya nyingine kwenye programu ya picha, ya juu uifanye ipenyeze mwanga, kisha rekebisha ukubwa. Mistari ikilaliana yote, mojawapo imenakiliwa.

Lakini hata hifadhi yenyewe si kinga. Mwaka 1985 memo inayoitaja Majestic 12, iliyodaiwa kutoka kwa Robert Cutler, msaidizi wa Rais Eisenhower, kwenda kwa Jenerali Twining wa Jeshi la Anga, ya tarehe 14 Julai 1954, ilikutwa ndani ya sanduku la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Watunza nyaraka walipoikagua, haikuwa na namba ya usajili ambayo kila waraka wa siri kuu hupewa. Alama yake ya usiri ilianza kutumika katika Baraza la Usalama la Taifa enzi za Rais Nixon, miaka mingi baadaye. Na siku hiyo Cutler alikuwa ng’ambo. Hayo ndiyo ya kukagua: usajili, alama za kipindi kile, na mwandishi alikuwa wapi.

Ukiridhika na karatasi, hesabu midomo ambayo habari imepitia. Memo ya Guy Hottel wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ya tarehe 22 Machi 1950, ni halali kabisa. Inataja visahani vitatu vya kuruka vilivyookotwa New Mexico. Hottel hakuona kitu: alipeleka alichoambiwa, na aliyesema naye alikuwa akisimulia ya wengine. FBI haikuwahi hata kuyachunguza. Muhuri unathibitisha kwamba maneno yaliandikwa ofisini, basi.

Kuhusu wino mweusi unaofunika maneno katika nyaraka za Marekani, soma msimbo wa kando: b1 ni usalama wa taifa, b6 ni faragha ya mtu. Mara nyingi kinachofichwa ni jina la shahidi au uwezo wa rada. Usijaze pengo kwa ndoto zako.

“Hakijatambuliwa” nalo si jibu. Blue Book ilipokea taarifa 12,618, zikabaki 701 zisizotambuliwa. Ripoti ya kijasusi ya Marekani ya Juni 2021 ilikuwa na taarifa 144, na ni moja tu iliyoelezwa kwa uhakika, puto; nyingi ya zilizobaki zilikosa data ya kutosha.

Kipimo hichohicho kiangukie pia kanusho la serikali. Mwaka 1947 jeshi lilisema vifusi vilivyookotwa karibu na Roswell, New Mexico, ambavyo wengi hudai ni vya UFO, ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kuwa huenda vilitoka Mogul, mradi wa siri wa maputo ya kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Umoja wa Kisovieti.