Kabla hujaenda Meksiko kujitolea kwa mafundi wa kazi za mikono

Viza kwanza. Ukiwa na viza hai ya Marekani, Meksiko hukuruhusu kuingia bila viza yao kwa shughuli zisizo na malipo, lakini ulizia ubalozini kwao kabla ya kukata tiketi. Beba peso taslimu, noti ndogondogo, maana mafundi wengi hawapokei kadi. Jifunze kuhesabu kwa Kihispania. Na mnunuzi asikuburute kwenye kupunguza bei: zulia la sufu la Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji, lenye wekundu wa kochinili, wale wadudu wanaokusanywa juu ya mipungate, hula wiki nyingi kwenye kitanda cha mfumi. Bei ni ya fundi.

Sasa hili lisikilize vizuri. Usimsemee fundi jambo ambalo hujamuuliza.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye maonyesho ya mafundi ya Novemba kando ya Ziwa Chapala, nilipangiwa meza ya mama mmoja aliyetoka San Bartolo Coyotepec, Oaxaca, kijiji cha vyungu vyeusi. Mteja akashika mtungi mkubwa unaong'aa kama kioo, akaniuliza kama unashika maji. Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba yenye mtungi wa maji ya kunywa ukumbini. Kwangu mtungi ni maji. Nikajibu, "Ndiyo, bila shaka." Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo, anafunga mzigo wa mtu mwingine. Sikumgeukia.

Asubuhi yake mtungi ukarudi. Ulitiwa maji na maua, ukawekwa juu ya meza ya mbao, ukachuruzika usiku kucha mpaka mbao zikavimba. Mama hakubishana. Alihesabu peso 1,800 kutoka mfuko wa aproni yake, sehemu kubwa ya mauzo ya siku iliyopita, akamkabidhi mteja. Nilimrudishia fedha ile mimi, na ilinibidi nimbembeleze siku nzima ndipo akapokea.

Jioni akanieleza. Mng'ao ule unatokana na kuusugua udongo kwa jiwe la kwatzi kabla haujakauka kabisa, kisha kuuchoma kwa moto wa wastani; njia hiyo ilipata umaarufu miaka ya 1950 kupitia Doña Rosa, yaani Rosa Real, wa kijiji hichohicho. Ukizidisha moto, chungu kinakuwa kigumu na kinashika maji, ila mng'ao unapotea na kinabaki cha kijivu. Hivyo vya kijivu ndivyo wazee walivyobebea maji na mezkali, pombe kali ya kienyeji. Alikuwa navyo vitatu chini ya meza. Yule mteja angeuziwa kimoja kama ningegeuza kichwa tu.

Kwa hiyo kabla meza haijafunguliwa, kaa na fundi na umuulize kitu kimoja baada ya kingine: kinashika maji? Kinafaa chakula? Usione haya kuuliza kuhusu madini ya risasi, kwani vyungu vingi vya kienyeji vimepakwa greta, mng'ao wenye risasi, na havifai kupikia.

Picha nazo ni kwa ruhusa. Mwaka 2015 wanawake wa Santa María Tlahuitoltepec, huko Oaxaca pia, walikuta nakshi za blauzi zao kwenye nguo za mbunifu wa Ufaransa. Usiwe wewe wa kusambaza nakshi za fundi kwa picha zako.

Ukifunga vinyago vya mbao vya San Martín Tilcajete, masikio na mikia mara nyingi huchomoka. Vifunge kando na uviandike. Chungu kishike kwa kitako, kamwe si kwa shingo. Beba sweta, jioni za Novemba zina baridi. Usimwahidi fundi oda ambayo huna fedha zake mkononi. Mzigo wa mtu usiyemjua usiuvushe mpaka. Namba ya msimamizi wako iandike kwenye karatasi pia, simu huisha chaji.