Kuposa Nyumba Yenye Ugomvi na Kwenu

Familia mbili zikiwa hazisalimiani, barua ya posa huweza kurudishwa hata haijafunguliwa. Kijana hana kasoro, binti hana kasoro. Kinachokataliwa ni mkono ulioileta. Anzeni na ugomvi wenyewe.

Kila mmoja amuulize bibi au shangazi wa kwao: ulianza lini, kwa jambo gani, nani alimkosea nani? Baba msimuulize kwanza, atawapa kesi badala ya historia. Kama ni mpaka wa shamba, kwa Tanzania Bara lipo Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, watatu kati yao wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha. Deni hulipwa hata kidogo kidogo, mbele ya mashahidi. Kigumu ni tusi, hasa lililotamkwa msibani, kwa sababu hakuna cha kupima wala kuhesabu. Hapo lazima mzee wa upande uliokosea aende mwenyewe akaombe radhi.

Upatanisho na posa visifanyike katika kikao kimoja. Wazee wa binti wataona wanaombwa mtoto awe fidia, nao watakuwa na haki ya kuchukia. Pitisheni walau miezi miwili katikati.

Mshenga ndiye roho ya shughuli. Asiwe ndugu wa damu wa kijana, wala rafiki yake wa rika. Tafuteni mtu mzima mwenye ndoa tulivu, aliyekula sahani ya nyumba zote mbili na kushika jembe kwenye misiba ya zote mbili. Kabla ya kubeba barua, aonane na shangazi wa binti ajue kishika uchumba cha pale ni kiasi gani na nani hasa wa kukabidhiwa.

Barua iwe fupi: jina la kijana na la baba yake, anapoishi, kazi yake, na jina kamili la binti, maana nyumba yenye mabinti watatu itauliza ni yupi. Ugomvi usitajwe, barua hiyo itasomwa na watu wengi na kutunzwa miaka. Wakikaa kimya wiki tatu, hawajakataa bado. Arudi mshenga, kijana asitie mguu.

Wakitaja faini, ombeni mchanganuo. Mara nyingi ndani yake lile kosa la zamani limewekewa bei, na hilo ni jambo jema: likilipwa, limekwisha.

Msitoroshane wala msitafute mimba ili kuwalazimisha wazee. Faini hupanda, na aibu yote humwangukia binti. Kwa Tanzania Bara, kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30.

Wakigoma kabisa, na wote mmetimiza miaka 18, Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara haidai ridhaa ya wazazi. Bomani mnatoa taarifa ya kusudio walau siku 21 kabla, na mnaleta mashahidi wawili. Taarifa hutangazwa na huwa na majina ya wazazi wenu, kwa hiyo haitakuwa siri. Mtu anaweza kupinga, ila kwa kizuizi cha kisheria, kama undugu wa karibu au ndoa iliyopo. Uhasama wa wazee si kizuizi. Kwa Waislamu, walii, yaani mwenye mamlaka ya kumwozesha, akimzuia binti bila sababu ya kisharia, shauri hupelekwa kwa kadhi.

Ndoa hiyo haibatiliki kwa kukosa mahari. Mahari ipelekeni hata hivyo, kwa mshenga yuleyule, kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa.