Kuunganisha Claude Code na Glean ya kazini

Kama ofisini kwenu mnatumia Glean kusachi dokumenti, Claude Code, ejenti ya AI ya Anthropic inayotumika kwenye teminali, inaweza kusachi humo yenyewe kupitia MCP, ule mfumo wa kuunganisha AI na programu nyingine ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024. Kwanza admini awashe seva ya MCP huko Glean, bila hiyo hutoboi. Akishakupa linki fungua teminali uandike claude mcp add --transport http glean halafu bandika linki mbele yake, kisha washa Claude, andika /mcp, chagua glean halafu Authenticate, brauza itafunguka ulogini. Na jamani tumia akaunti yako mwenyewe usiazime ya bosi, maana ejenti inaona kila kitu ambacho akaunti hiyo inaruhusiwa kuona, hadi mishahara ya watu. Ukimaliza iulize swali ambalo jibu lake unalijua tayari, na ikutajie faili ilikolitoa.