Kumfyonza makohozi mtoto njiti mwenye mrija shingoni ukiwa nyumbani

Mama, mtoto njiti akikaa siku nyingi kwenye mashine ya kupumulia, mpira uliopita kooni unaweza kuacha kovu chini ya nyuzi za sauti, njia ikawa nyembamba. Trakeostomi, yaani tundu lenye mrija mbele ya shingo, hupitisha hewa chini ya kovu hilo bila kugusa nyuzi za sauti, ndiyo maana analia na husikii kitu. Mwangalie kifua, sikiliza pumzi. Ikianza kukoroma kama maji kwenye mrija, ni wakati wa sakisheni, yaani kufyonza makohozi kwa mashine.

1. Pima. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote kwa wazazi wanaotoka wodini kwetu hapa Dar. Chukua mrija wa akiba unaolingana na wa mtoto, penyeza katheta (mpira mwembamba wa kufyonzea) hadi ncha ichungulie tu upande wa pili, kisha weka alama kwa plasta. Usivuke hapo. Ukizidisha, ncha inachubua njia ya hewa, na mchubuko ukirudiwa kila siku unakuwa kovu jingine. Mrija wa saizi 3.5 unataka katheta namba 7. Wa 4, namba 8.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Weka presha ya mashine ya kufyonza 80 hadi 100 mmHg, kisha ijaribu kwa kufyonza maji yaliyochemshwa yakapoa.

3. Ingiza katheta bila kuziba tundu lake la pembeni. Ukifika kwenye alama, ziba, toa ukiizungusha taratibu. Hesabu hadi tano. Kumi ni nyingi mno, maana unavuta na hewa yake. Mwache apumue kwanza ndipo urudie.

4. Tazama ulichotoa. Meupe mepesi hayana shida. Yakiwa mazito, unyevu hautoshi, rudishia kichujio cha unyevu kinachovikwa mdomoni mwa mrija. Ya kijani yenye harufu, au damu mbichi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma visikae chumba chake: hewa haipiti puani kuchujwa.

5. Katheta ikigoma kupita na mbavu zinadidimia, usihangaike nayo. Piga kelele uitiwe msaada, kata kamba inayoshika mrija shingoni, toa mrija, ingiza mpya, na uchomoe kijiti cha ndani papo hapo, kwa sababu nacho kinaziba. Mrija mpya ukigoma kuingia, tumia ulio mdogo kwa saizi moja. Asipopumua, mpulizie kwa ambu (mfuko wa kubinya wa kusukuma hewa) kupitia mrija huo.

Kwa hiyo mfuko wake uende naye hata mkipanda bajaji kwenda dukani tu: mirija miwili ya akiba, mkasi, kamba, katheta, ambu na pampu ya mkono ya kufyonzea, maana umeme hukatika bila taarifa. Ukifunga kamba mpya, kidole chako kimoja kipite kati yake na shingo. Na usikubali kuruhusiwa kabla wewe na mtu mwingine wa nyumbani hamjabadilisha mrija kwa mikono yenu mbele ya muuguzi.