Mpira ukitoka nje, besi zinahesabiwa kutokea wapi?

Jamaa zangu mnaochezesha besiboli kwenye viwanja vya skuli huku Unguja, mpira ukirushwa ukatoka nje ya mpaka wakimbiaji wanapewa besi za bure, na kuzihesabu ndo kunakoleta zogo kuliko yote, na zogo lenyewe linakuja kwa kuwa refa macho yake yote yako kwenye mpira unakokwenda, wakimbiaji walikuwa wapi hajui.

Kabla ya mechi zungukeni kiwanja pamoja na makocha. Viwanja vyetu vingi havina uzio, upande huu minazi upande ule njia ya daladala, kwa hivyo mwageni chokaa mkubaliane mpira ukivuka hapa umekufa, mchezo unasimama. Msingoje mpaka uingie chini ya gari ya mtu ndo mnaanza kujadiliana.

Ukitoka, nyanyua mikono miwili upige kelele "taimu!" Halafu jiulize, nani karusha?

Ikiwa ni pitcha, yule anayemrushia mpigaji, na mguu bado uko kwenye kibao anachokanyaga akirusha, hata kama alikuwa anataka kumnasa mkimbiaji wa besi ya kwanza, kila aliye kwenye besi anapewa moja. Akishatoka kwenye kibao kwa nyuma, basi huyo ni mchezaji wa ndani (infilda, anayelinda karibu na besi) kama wengine, na mrusho wa mchezaji mwengine yeyote ni besi mbili.

Mbili kutokea wapi sasa? Hapa tulieni. Tuseme kuna mtu besi ya kwanza, mpira unapigwa chini, shotistopu, mchezaji wa ndani anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, anauokota anarusha besi ya kwanza unapita juu hadi barabarani. Huo ni mchezo wa mwanzo wa mchezaji wa ndani, unahesabu kutokea pale walipokuwa pitcha aliporusha, kwa hiyo yule anakwenda ya tatu na mpigaji ya pili, hata kama yule alishapita ya pili. Isipokuwa wakimbiaji wote, pamoja na mpigaji, wawe washasogea besi moja kabla ya mrusho, hapo unahesabu wakati wa mrusho.

Akirusha mchezaji wa nje (autifilda, anayelinda nyuma ya wale wa ndani), hesabu ni pale mpira ulipoachia mkono wake, sio ulipovuka chokaa. Mkimbiaji keshagusa ya pili? Anakwenda homu, besi ya mpigaji anakopatia alama. Mpigaji keshagusa ya kwanza? Ya tatu. Hajaigusa bado, ya pili. Mie ndo maana mkono wa mrushaji ukiinuka tu natupa jicho kwa wakimbiaji.

Mpira halali, yaani uliopigwa ndani ya mistari, ukidunda ukatoka ni mbili kwa wote kutokea pale walipokuwa pitcha aliporusha, kwa hivyo wa besi ya kwanza anasimama ya tatu hata angekuwa na mbio vipi. Watalalamika, waache. Uliopita uzio hewani bila kudunda ni homu rani, wote wanaingia.

Na ukishawapa, waambie wasikate njia katikati, kila besi waiguse kwa mguu. Mpira ukirudi mchezoni wapinzani wana haki ya kudai, na wewe uwe umeona.