Mkate wa mayai usio na yai: tunavyoukaanga Mtwara

Mkate wa mayai ni vipande vya mkate vinavyochovywa kwenye yai na kukaangwa, na wanaoniomba bila yai hawafanani. Yupo ambaye mwili wake haulikubali yai, akilila anavimba midomo. Yupo Msabato aliyeacha vyakula vyote vya wanyama. Yupo mgeni aliyefikia Mikindani ambaye hali hata asali. Na yupo mama aliyekwenda dukani, akauliza bei ya trei la mayai, akarudi na mkate mtupu. Wote nawakaangia kitu kimoja, na kitu hicho kinatoka kwenye korosho, nazi na unga wa dengu.

Maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni yanakutuma ukatafute mbegu za kitani, mbegu za chia na maziwa ya lozi ya boksi. Achana navyo. Mtu wa kusini anayenunua maziwa ya lozi ilhali vipande vya korosho vimejaa sokoni, ana fedha za kuchezea.

Yai lilikuwa linafanya nini

Nalitanguliza hili kwa sababu ukilielewa, hutahitaji vipimo vyangu. Yai lina protini zinazoganda zikipata moto. Ute mweupe huanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi, kiini mbele kidogo ya hapo. Kuganda huko ndiko kunakofanya katikati ya mkate pawe laini pasiwe uji. Protini hizohizo zikikutana na sukari juu ya kikaango chenye moto, uso wa mkate unakuwa kahawia na harufu inasikika hadi kwa jirani. Halafu kuna mafuta ya kiini, yanayofanya mkate usiwe mkavu mdomoni.

Sijaona mmea mmoja unaoshika kazi zote hizo vizuri, kwa hiyo tunazigawa. Unga wa dengu, ule ule wa bajia, una protini na wanga: unashika na unatoa rangi. Konflawa inakaza katikati, maana wanga wake huvimba na kuwa mzito kwenye nyuzi 60 na ushei hadi 70, karibu sawa na yai. Korosho inaleta mafuta, na ina wanga wake pia. Ndiyo maana tui la korosho ukilichemsha linakuwa zito, jambo ambalo maziwa ya lozi hayafanyi.

Kuna wanaoponda ndizi mbivu badala ya haya yote. Inawezekana, ila sukari ya ndizi huungua kabla ndani hapajaiva, na kila utakachokaanga kitakuwa na ladha ya ndizi. Ndizi naiweka juu ya mkate, kwenye sahani.

Vitu vya kuandaa (vipande 8 vinene)

Vipande vya korosho gramu 100, yaani kikombe kisichojaa. Maji mililita 300, na tui zito la nazi mililita 100. Unga wa dengu vijiko 3 vya chakula na konflawa kijiko 1. Sukari kijiko 1, usizidishe. Chumvi robo kijiko cha chai. Hiliki punje 4 zilizotwangwa, mdalasini nusu kijiko cha chai, na manjano kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Mafuta ya alizeti ya kukaangia. Ufuta vijiko 2, ukipenda, na mimi nakushauri upende.

Manjano ni ya rangi tu. Ukiona unasikia ladha yake, umezidisha. Wapo wanaotia chumvi nyeusi ya Kihindi kwa sababu ina salfa na inanukia kama yai. Kwenye mkate mtamu siioni kazi yake, lakini ukikaanga wa chumvi, wenye kitunguu na pilipili, ncha ya kijiko inatosha.

Hatua ya 1: Mkate

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, halafu wanaulaumu unga wa dengu. Mkate laini wa siku hiyohiyo, hasa ule uliokatwa tayari kiwandani, ukiuchovya kwenye rojo isiyo na yai unalowa hadi unameguka mkononi. Tafuta mkate mzima, boflo au mkate wa bekari usiokatwa, ukate mwenyewe vipande vya unene wa sentimita 2. Wa kiwandani ukiwa ndio uliopo, utumie, ila usiuloweke. Chovya na kuinua.

Maelekezo ya watu wa nchi kavu yanasema acha mkate mezani usiku kucha ukauke. Sisi tuko pwani. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua inaponyesha, mkate ulioachwa mezani Mtwara haukauki. Unanyong'onyea, siku ya pili unaota ukungu. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, hewa inasaidia kidogo. Mimi sitegemei majira. Kama kuna jua, panga vipande kwenye ungo, funika kwa kawa inzi wasitue, acha saa moja na ugeuze mara moja. Kama hakuna jua, vipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2 kila upande. Unataka uso mkavu, ndani bado pana ulaini. Ukisikia unavunjika kama biskuti, umepitiliza.

Na muulize mwokaji alichotia. Mikate mingine ina maziwa ya unga au siagi, na ya sikukuu mara nyingi ina mayai. Kumkaangia mtu "bila yai" kwa mkate wenye yai ni hatari kama mwili wake unalikataa.

Hatua ya 2: Korosho

Nunua vipande. Korosho nzima nyeupe zinapangwa madaraja kwa ukubwa. W320, kwa mfano, maana yake ni punje zisizozidi 320 kwenye ratili moja, na bei yake inalipia huo uzima. Wewe unakwenda kuzisaga. Vipande vina ladha ileile kwa bei ndogo zaidi.

Chukua zisizokaangwa kwa chumvi. Zile tunazoziita mbichi zimekwisha pitishwa kwenye moto au mvuke kabla ya kubanguliwa, kwa kuwa mafuta ya ganda yanababua ngozi. Wanaobangua kwa mkono hupaka majivu au mafuta vidoleni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usijibangulie nyumbani korosho zenye ganda bichi kwa ajili ya kifungua kinywa. Nunua zilizobanguliwa.

Zimwagie maji ya moto, funika dakika 30. Ukiwa na muda, maji baridi kwa saa 3. Usizilaze usiku kucha nje ya friji, joto letu litazichachusha. Mwaga maji ya kulowekea, zisuuze, kisha saga kwenye blenda na zile mililita 300 za maji mpaka ukisugua tone kati ya vidole usihisi chenga. Kwa blenda ya kawaida ni dakika 2 au 3, ukiipumzisha katikati isiunguze mota.

Umeme ukikatika, kinu kipo. Twanga korosho zilizolainika mpaka ziwe kama siagi, ongeza maji kidogo kidogo, kisha pitisha kwenye kifumbu. Inachosha mikono, na rojo inakuwa na chenga kidogo, lakini mkate unatoka. Machicha ya korosho usitupe, yanaingia kwenye mboga ya kisamvu.

Hatua ya 3: Rojo

Weka unga wa dengu, konflawa, sukari, chumvi na viungo kwenye bakuli pana. Mimina tui la korosho kidogo, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo umalizie lililobaki pamoja na tui la nazi. Ukimimina lote kwa mara moja utafukuza madonge ya dengu asubuhi nzima.

Tui liwe la kwanza, zito. Tui la pili lina maji mengi mno. Na usifanye rojo yote kwa tui la nazi peke yake, kwa sababu mafuta yake hujitenga kwenye moto na mkate unaishia kuogelea. Isipokuwa kama unayemkaangia hawezi kula korosho. Watu hao wapo, na ni jambo la kuuliza kabla hujasaga. Kwake yeye tumia mililita 400 za tui jepesi na vijiko 5 vya unga wa dengu. Ladha ni nyingine, karibu na chapati ya maji, lakini inashika.

Sasa acha rojo itulie dakika 15. Unga wa dengu unahitaji muda wa kunywa maji. Ukiuharakisha utabaki na ladha ya ubichi, ile inayokaa kwenye ulimi hata baada ya chai. Ikishatulia, chota kwa kijiko na uigeuze: inatakiwa ipake mgongo wa kijiko, ukipitisha kidole ibaki njia. Ikiwa nzito kuliko hapo, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Kuchovya

Sekunde 15 hadi 20 kila upande kwa mkate uliokauka vizuri. Inua, acha itiririke, weka moja kwa moja kwenye kikaango. Usichovye vyote nane ukavipanga kwenye sinia vikisubiri, vitalegea. Kila baada ya vipande viwili koroga rojo, maana dengu na konflawa hukaa chini, na vipande vya mwisho vitapata matope huku vya kwanza vilipata maji.

Kabla ya kuweka kwenye mafuta, nyunyizia ufuta upande mmoja wakati ungali umelowa. Mkoa wa Lindi unalima ufuta mwingi na sehemu kubwa inapanda meli. Kijiko kimoja kikibaki kwenye kikaango chako kinatoa mlio mzuri kwenye meno, na harufu ya karanga zilizokaangwa bila karanga.

Hatua ya 5: Moto

Rojo ya yai husamehe moto mkali kwa sababu inaganda upesi. Hii yetu haisamehi. Inataka moto wa kati na subira.

Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yashike majivu meupe, kisha yatawanye. Ukikaangia juu ya makaa mekundu yaliyolundikana, nje pataungua na ndani patabaki unga. Kwenye gesi, washa kati, na ukishaanza punguza kidogo. Weka mafuta ya alizeti kijiko 1 kwa kila vipande viwili. Dondosha tone la rojo. Likichemka taratibu na kuzungukwa na vipovu vidogo, weka mkate. Likirukaruka na kubadilika rangi hapohapo, ondoa kikaango motoni kwanza. Mafuta ya nazi yanapendeza kwa harufu, lakini yale yasiyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi mapema, kwa hiyo nachanganya kidogo tu na alizeti.

Usiuguse mkate kwa dakika 3 za mwanzo. Rojo isiyo na yai hunata mwanzoni, halafu ikishashika inajiachia yenyewe. Ukiona mwiko haupiti chini yake, haijafika. Ikifika, geuza, dakika 3 au 4 nyingine. Bonyeza katikati kwa kidole: panatakiwa pasukume kidogo. Pakizama na kubaki hivyo, punguza moto, funika kikaango dakika 2 mvuke umalizie ndani, kisha fungua na uachie nusu dakika ili ngozi irudi kukauka. Kufunika huko ndiko kulikookoa vipande vyangu vingi vinene.

Kama unalisha watu wengi, panga vipande vilivyochovywa kwenye sufuria pana iliyopakwa mafuta, funika kwa bati lenye mkaa juu na weka mkaa kidogo chini, kama unavyooka mkate wa kumimina. Ngozi haitakuwa na mlio ule, lakini wote mtakula kwa pamoja.

Cha kuweka juu

Asali haimfai asiyekula chochote cha wanyama, kwa sababu ni kazi ya nyuki. Yeyusha sukari guru gramu 100 kwa nusu kikombe cha maji, kipande cha tangawizi iliyopondwa na ndimu nusu. Chemsha mpaka ianze kuvuta, zima. Embe ikiwa msimu, weka embe. Msimu wa korosho unapokuja kuna mabibo pia, yale matunda ya mkorosho: kamua, chuja, chemsha maji yake na sukari mpaka yapungue nusu. Ule ukakasi wake unaoshika koo unapungua ukitia ndimu na sukari, ingawa hauishi, na mimi naupenda ukibaki kidogo. Vaa aproni, doa la bibo halitoki kwenye nguo.

Wazee wengi wanaokuja asubuhi hawajali haya yote. Wanataka ming'oko ya kuchemsha (viazi vya porini) na chai ya rangi, na ming'oko haijawahi kuhitaji yai. Mmoja alionja kipande cha mwenzake akaniuliza, "Mwanangu, sasa yai umelificha wapi?" Aliagiza viwili.

Yakikuharibikia

Unanata: kikaango hakikuwa na moto wa kutosha ulipoweka, au uligeuza mapema. Ladha ya dengu mbichi: rojo haikutulia, au moto ulikuwa mkali ukaondoa mkate kabla haujaiva. Umepauka: ongeza sukari robo kijiko, si moto. Umelowa mafuta: rojo ilikuwa nyepesi, au mafuta yalikuwa hayajapata moto.

Rojo iliyobaki inakaa kwenye friji hadi kesho yake. Itajitenga, ikoroge tu. Nje ya friji usiiache zaidi ya saa 2. Ikiwa ni kidogo mno kwa mkate, ongeza unga wa ngano vijiko 3 na maji kidogo, ukaange chapati za maji.