Kabla Hujamnunulia Mjomba Bastola ya Kurithishana

Naandika haya nikiwa barazani kwa mama, Tabata, likizo ya wiki tatu. Ndani ya siku mbili za mwanzo watu wanne wameshaniuliza, "Vipi, ile bastola umekuja nayo?" Ni ile mjomba aliyoniagiza kutoka Marekani ninakoishi, na wanauliza kama mtu anayeulizia simu au viatu. Acha niandike mara moja, kwa faida ya wenzangu mlioko Marekani ambao nanyi mna mjomba.

Marehemu baba alikuwa na duka la vipuri Kariakoo na bastola ndogo ya risasi za ukubwa unaoitwa 22, aliyoimiliki kihalali tangu enzi za sheria ya zamani. Kwenye uhakiki wa silaha wa 2016 aliipeleka mwenyewe, shati limepigwa pasi, kitabu cha leseni mkononi. Alipofariki, kila mtu alijua la kufanya kuhusu nyumba, kiwanja cha Chanika na hela za benki: kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi. Hayo mnayajua. Bastola hakuna aliyeitaja. Mama aliifunga kwenye kanga, akaitia ndani ya sanduku la bati pamoja na vidonge vya nondo. "Kumbukumbu ya baba yenu," alisema. Ikakaa miezi saba.

Ndugu zangu, leseni ya silaha ni ya mtu, si ya ukoo. Siku mwenye leseni anapozikwa, kile chuma kinabaki hakina mwenyewe. Anayekaa nacho sandukuni, hata awe mjane anayeswali swala tano, ana silaha bila leseni, na kwa Tanzania kosa hilo linaingia kwenye uhujumu uchumi. Mnajua wenyewe dhamana za kesi hizo zilivyo. Mrithi anayeitaka silaha ya marehemu anaomba leseni yake upya, kwa sheria ya 2015, akianzia serikali ya mtaa na kupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, na awe ametimiza miaka 25. Kuwa kifungua mimba si leseni. Wosia nao si leseni.

Nilipanda ndege kutoka Columbus kwa ajili ya sanduku lile. Tulikwenda kituoni mimi, kaka na mwenyekiti wa mtaa, tukakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Maelezo niliandika mara tatu. Afisa mmoja akaniuliza, wala hakuwa na ukali, "Miezi saba yote mlikuwa mnaitafakari?" Sikuwa na jibu. Kilichotuokoa ni kwamba tulikwenda kwa miguu yetu. Ilipochomolewa kwenye mfuko wake wa ngozi, upande mzima uliogusana na ngozi ulikuwa na kutu ya rangi ya chai. Ngozi hunyonya unyevu, na Dar unyevu wenyewe una chumvi. Bastola ikabaki pale, sisi tukarudi na mfuko mtupu.

Hapo ndipo mjomba alipopata wazo. "Basi tuletee nyingine, mwanangu. Imara, ya chuma, ambayo hata wajukuu watairithi. Huko si zinauzwa kama nyanya?" Shikamoo mjomba, nakuheshimu sana, ila ungeniuliza kwanza. Kabla sijajibu, dola 600 zilikuwa zimeshanifikia kupitia kwa binamu wa Houston.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana huu ndio mtego ulioninasa. Duka nililokwenda linauza chambo za samaki, mahema na viatu vya watoto, na kaunta ya bastola iko mwisho, jirani na makoti ya mvua. Ukishachagua unapewa fomu namba 4473 ya serikali kuu. Swali mojawapo la mwanzo linauliza: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Nikamwambia muuzaji, mzee mmoja mpole mwenye ndevu nyeupe, kwa roho safi kabisa, kwamba pesa kanitumia mjomba na bastola ni yake. Mzee akaweka kalamu chini. Akaivuta fomu kwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akasema hataniuzia leo wala kesho, akamwita msimamizi wake, na huyo naye akaandika jina langu kwenye daftari. Nilitoka nimelowa jasho, na ilikuwa Januari.

Baadaye ndio nikajua kwamba yule mzee aliniokoa. Mwaka 2009, huko Virginia, bwana Bruce Abramski aliyewahi kuwa polisi alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola ya Glock, kwa kuwa yeye angepata punguzo la askari. Mjomba alikuwa ameshamtumia hundi ya dola 400. Mjomba huyo hakuwa na doa, alikuwa na haki zote za kumiliki silaha, na bastola alikabidhiwa kupitia kwa muuzaji mwenye leseni kulekule kwake. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2014 majaji watano dhidi ya wanne waliithibitisha hatia yake. Kosa lake ni kutia alama kwamba mnunuzi halisi ni yeye. Ni mpwa na mjomba hao, na mjomba wenyewe hana kasoro! Sasa fikiria mjomba wako wa Mbagala. Na tangu 2022 ipo sheria nyingine: ukimnunulia mtu ambaye sheria imemkataza kumiliki, kifungo chaweza kufika miaka 15.

Narudia kwa wenye haraka. Hela ya ndugu isiguse ununuzi huo. Isiingie nusu, isiingie kama "nitakurudishia", isiingie kama mchango wa kikundi cha ukoo. Zawadi ya kweli, kwa hela yako mwenyewe, kwa mtu aliyeko Marekani anayeruhusiwa kumiliki, hiyo inakubalika. Ila zawadi iliyolipiwa na anayezawadiwa si zawadi, hata sisi Waswahili tunalijua hilo.

Swali la uraia kwenye fomu hiyohiyo nalo lina kaburi lake. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua, lakini asijiandike raia kwa mazoea. Kujiita raia wa Marekani wakati hujaapa ni jambo linaloweza kukurudisha Ubungo na begi moja. Wenye viza za muda, wanafunzi na wafanyakazi wa mkataba, hawaruhusiwi kumiliki wala kushika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kushika ni pamoja na ile ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha. Mdogo wangu mmoja wa chuo alipiga picha huko na kuirusha mtandaoni, anacheka meno yote nje. Futa, mdogo wangu. Kisha ukae mbali.

Kuhusu kuileta Dar: usithubutu. Kuitoa Marekani na kuiacha nje kunataka kibali cha Wizara ya Biashara ya kwao, na huku kunataka kibali cha kuingiza. Raia na mwenye kadi ya kijani anaweza kusafiri na silaha yake kama mzigo wake, kwa kuitolea taarifa forodha, ila sharti arudi nayo. Kwa hiyo hiyo ya "nitaiacha kwa kaka" ni magendo, hata ukiiita upendo.

Nimewaza sana kuhusu wenyeji wetu hawa. Mmarekani atakuuzia bastola akiwa hakujui kwa sura wala kwa ukoo, ila karatasi yako ataiamini kama msahafu, na ukidanganya kwenye karatasi umemkosea kuliko ungemtukana. Kwetu ni kinyume. Mjumbe lazima akujue, mwenyekiti lazima akujue, jirani aulizwe kama unapiga mkeo, halafu karatasi yenyewe inaweza kupotea kwenye droo na hakuna anayeshtuka. Ukinihoji, ningependa mjumbe wa Tabata awe na meza pale kwenye duka la chambo. Lakini sheria yao ndiyo hiyo, na sisi tuliolelewa kwa "mwambie tu ukweli atakuelewa" tunaingia mle kama kuku mgeni.

Haya, tuseme uko huko, una haki, na mrithi wako yuko hukohuko. Hapo ndipo swali la mjomba linapopata maana: ipi itadumu?

Risasi ya 22 hugongwa ukingoni. Kiwashio kimejazwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, hakipo katikati. Aina inayotumika zaidi ilitoka 1887 na bado inapatikana kila mahali, na hiyo ni nusu ya sababu ya kuichagua kwa ajili ya wajukuu. Ubaya wake ni uchafu: risasi nyingi ni za madini ya risasi yenyewe, zimepakwa nta, na masizi yanaganda. Bastola isiyosafishika kirahisi haitasafishwa, na isiyosafishwa itakwama. Jambo la pili, msifyatue tupu zile za zamani. Pini ya kugongea isipokuta ganda inaweza kugonga ukingo wa chemba, yaani tundu inamokaa risasi, na ukishapata kovu hapo, maganda hayatoki vizuri.

Angalia imetengenezwa kwa nini. Nyingi za bei rahisi zina fremu au sehemu ya juu ya zinki ya kumimina. Zinapiga, zinapendeza, na kwa kulenga makopo siku za Jumapili zinatosha. Kwa kurithisha, tafuta chuma. Kisha angalia kama vipuri vitakuwepo mwanao akizeeka, na hapo muundo uliotengenezwa kwa miaka mingi unaushinda ule mpya unaong'aa. Mtoto wa duka la vipuri nawaambia hivyo. Colt Woodsman ni tamu mkononi, lakini ilianza 1915 na ikaachwa 1977, kwa hiyo kipuri unakiwinda. Kampuni ya Ruger walianza na bastola yao ya 22 mwaka 1949 na ukoo wake unaendelea: Mark II ya 1982 ni ngumu kama jiwe, ila kuirudishia baada ya kuifungua kumewafanya watu wazima watukane. Mark IV ya 2016 inafunguka kwa kitufe kimoja. Ukiikuta iliyotumika, uliza kama imetengenezwa kabla ya Juni 2017, maana hizo kampuni iliziita zirudi kwa tatizo la usalama, hakikisha ilirekebishwa. Browning Buck Mark, ya tangu 1985, nayo haina aibu.

Mpenda rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, atazame Ruger Single-Six, iliyoanza 1953. Tahadhari: zile za kabla ya 1973 ambazo hazijabadilishwa, nyundo ikiwa juu ya risasi na bastola ikaanguka, inaweza kufyatuka. Wenye busara walijaza tano, tundu la sita tupu chini ya nyundo. Mrithi asipoambiwa hilo, umemrithisha ajali.

Mimi nilikwenda duka jingine, miezi kadhaa baadaye, kwa hela yangu na kwa jina langu, nikachukua Mark IV ya chuma cha pua. Iko kwenye sefu Columbus, risasi zimefungiwa mbali nayo. Binti yangu aliyezaliwa huko nimemtaja kwenye wosia. Dola 600 za mjomba nilizirudisha, zikafika pungufu kwa makato, na bado ananidai hiyo tofauti kwa utani ambao si utani.

Jana alikuja kunisalimia. Akatoa miwani yake ya kusomea, na nikaona anaihifadhi ndani ya ule mfuko wa ngozi wa baba. Ameushonea kifungo.